Madoa ya Udi

Wanangu wa kituo cha utafiti cha Ras Kitau, kisiwani Manda, mliponiomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu kwenye meza ya kutayarisha sampuli, nilikataa, mkadhani ni macho. Macho yangu ni mazima. Nilikataa kwa sababu mlitaka nasaha, na mtu akistaafu kila anayepita humwomba nasaha, kana kwamba pensheni huja na hekima ndani ya bahasha. Sasa nimekubali, na bora mjue mapema kilichonibadilisha.

Juzi nilivuka kwenda Manda kumpokea mpwa wangu uwanja wa ndege. Botini mlikuwamo baadhi yenu mnakwenda kazini. Binti mmoja, simtaji, aliketi upande upepo unakotoka, na harufu yake ikanifikia kabla ya salamu yake. Ni udi. Tena udi mzuri, wa nyumba inayojua kuchanganya, umeingia mpaka kwenye nywele. Nikamuuliza ni harusi ya nani. Akacheka, akaniambia, la, Bi Rukia, nakwenda maabara, leo tuna utando wa kugandisha. Nikamuuliza, na udi wote huo? Akasema mashine ya siku hizi imefungwa pande zote, ina hewa yake yenyewe, mkono huingia kwa glavu tu, hata mtu ajifukize vipi, haijui.

Roho iliniuma, wanangu, na sisemi kwa mzaha. Mpwa wangu alishuka kwenye ndege akanikuta nimenuna, akaanza kuniomba radhi bila kujua kosa lake. Nilirudi Amu, mjini Lamu, nikakaa dakani, kibarazani mlangoni kwangu, na gere langu mpaka alasiri, kisha nikaingia ndani kutafuta kalamu. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu mwenye wivu, yasomeni hivyo.

Kazi yenyewe nyinyi mnaijua, lakini najua mtawasomea na mama zenu, basi nieleze kidogo. Kila chembe iliyo hai ina ngozi yake, tunaiita utando, na ni mwembamba kiasi kwamba huoni kitu hata ukivaa miwani ya babu yako juu ya yako. Wataalamu wetu walitaka kuona ngozi ya yai la yule mnyama wa baharini mwenye miiba, mviringo kama ndimu, ambaye watoto humkanyaga wakaja nyumbani wakilia. Chini ya ngozi ya yai lake kuna vifuko vidogo vimejipanga kama viti vya harusi, navyo hupasuka mara mbegu ya dume inapogusa. Walitaka kujua vifuko vile vimeshikana vipi na ngozi. Ili waone, lazima mtu awaletee ile ngozi, peke yake, safi, haikukunjika. Mtu huyo alikuwa mimi.

Mnyama alitolewa majini asubuhi, akachomwa sindano ya maji ya chumvi yenye dawa, naye akamwaga mayai yake kwenye bilauri. Mayai yaliyokwisha kuoshwa tuliyatua juu ya wavu wa shaba mdogo kama kipini cha pua, uliopakwa kaboni nyembamba na gundi. Yai hunata pale kwa tumbo. Kisha unachukua bomba la sindano, unalipiga lile yai kwa mkondo wa maji. Yai zima linakwenda zake, na pale lilipokuwa limekaa hubaki kipande cha ngozi tu, kimelala chali, upande wa ndani ukitazama juu. Ukipiga kwa nguvu, ngozi nayo inakwenda. Ukipiga kwa huruma, yai linabaki nusu nzima na huoni chochote. Mkondo mzuri ni ule unaokuja kwa upande, mfupi, kama mtu anayepuliza vumbi kwenye msahafu. Baada ya hapo unaitia dawa ya kuiimarisha, na rangi nzito ili ionekane, na maji yanayobaki unayanyonya kwa karatasi. Hapa sikilizeni, maana wengi wenu nimewaona mkikosea: karatasi igusishwe ukingo wa wavu, isiguse uso. Ukiigusa usoni, umeipiga ngozi kofi, na haitakusamehe.

Aliyenifundisha ni Bwana Mutiso, mtu wa Kitui, mrefu, mwenye ndevu chache kidevuni, aliyekuja Lamu akiwa kijana akisema atakaa mwaka mmoja. Ndiye aliyekuwa mkuu wa meza yetu. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha chupa wala hadubini. Aliniwekea kikombe cha chai ya maziwa, akaiacha ipoe mpaka ikashika utando juu, akanipa kibano, akaniambia niutoe ule utando mzima, niutandaze kwenye kisahani bila kuuchana. Nikauchana. Akaleta kikombe kingine. Kwa muda mrefu kazi yangu pale ilikuwa kuharibu chai, na yeye, asiyetupa kitu, alikuwa akiinywa baridi niliyokwisha kuichokora. Nyumbani nikawa sitaki kuona maziwa, nataka chai ya rangi, na mume wangu Athman akawaambia jamaa zake kwamba huenda kuna kheri inakuja.

Siri yake nawapa bure. Usiuvute utando juu. Utelezeshe pembeni ya kikombe, uache chai yenyewe iuachie. Aliyejua hilo amejua nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kunyamaza. Siku moja wavu mkavu uliruka kutoka kwenye kibano, ule ukavu wa kaskazi unafanya mambo hayo, tukautafuta sakafuni asubuhi yote kwa tochi, kumbe umetua kwenye ndevu za Bwana Mutiso. Alikaa kimya, kichwa juu, mpaka nilipoutoa kwa kibano, kisha akauweka kwenye kisanduku pamoja na nyingine. Ulikwenda Nairobi, na ulileta picha.

Maana hadubini kubwa ilikuwa Nairobi. Sisi tulitengeneza, tukafunga kisandukuni, kikapanda ndege hapo Manda, na baada ya siku kadhaa picha zikarudi. Bwana Mutiso alizinyanyua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, sisi tumesimama nyuma yake kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Naye alikuwa na maneno mawili tu. Alisema “Inafaa,” au alisema “Safi.” Inafaa maana yake itumike. Safi sikujua vizuri maana yake, kwa sababu mimi sikuwahi kuambiwa. Ukimlalamikia alisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwenyewe pombe hata haigusi.

Kisha akaja Nekesa.

Alitoka Bungoma, mdogo kwangu kwa umri, mfupi, akicheka anacheka mpaka mabega. Alipanga chumba Shela, na boti iliyotutoa Amu ilikuwa ikimchukua hapo njiani. Alikuwa mwimbaji wa kwaya. Siku yake ya kwanza Bwana Mutiso akamwekea kikombe cha chai, mimi nimesimama pembeni tayari kumfariji. Nekesa akautoa utando mzima, mara ya kwanza, ukiwa umening'inia kwenye kibano kama kitambaa, akauliza autandaze upande gani juu.

Bwana Mutiso akasema, “Safi.”

Kwa utando wa chai. Kijiba cha roho kiliniingia pale pale, mbele ya kikombe, na nikiwa mkweli hakijatoka chote.

Tatizo langu lilikuwa madoa. Picha zangu zilikuwa na ngozi iliyotandazika vizuri, vifuko vimejipanga, lakini juu yake kumetapakaa viduara vyeusi, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukitaka kuona vitu vikubwa hayakuzuii. Ukitaka kuona kwa undani, ndipo yanapokaa hasa. Tulibadilisha maji. Tulibadilisha chupa, karatasi, kaboni. Tulilaumu pampu, tulilaumu birika la maji ya mvua, tulimlaumu hata yule mnyama. Madoa yalikuja tu. Na Nekesa, meza ile ile, maji yale yale, picha zake nyeupe kama kanzu ya Idi.

Nikaanza kumchunguza kama mke mwenza. Akifunga kitambaa kichwani kwa kubana, nami nikabana. Akila muhogo mchana badala ya wali, nami muhogo. Akinyonya maji kwa karatasi alikuwa anaimba nyimbo za kwaya chini chini, nikasema pengine ndiyo siri, wimbo unatuliza mkono. Basi nami nikawa naimba kasida. Bwana Mutiso alivumilia kanisa sikio hili na maulidi sikio hili kwa wiki nzima, mwishowe akatuomba kwa adabu tunyamaze, akasema anaogopa mayai yatasilimu au yatabatizwa kabla hajayapiga picha.

Madoa yakabaki. Na wivu, wanangu, una elimu yake. Nilijua kazi ya Nekesa kuliko alivyoijua mwenyewe. Nilijua hupumua kwa pua akiinama, hupitisha mkono nyuma ya bilauri wala si juu yake, na huuosha ukucha wa kidole gumba mara mbili kwa sababu ndicho kinachokaribia wavu. Hayo yote ninayowafundisha mpaka leo kama yangu, niliyaiba kwake kwa jicho la kijicho.

Mpwa wangu mmoja akaolewa, harusi ikafanyika mtaani kwetu Mkomani. Nilimwalika Nekesa kwa adabu tu, mtu wa kazi moja, nikitumaini atapata udhuru. Akaja, na zawadi, na gauni jipya. Wanawake wakampenda kuliko walivyonipenda mimi. Wakamkalisha, wakamwekea chetezo cha kuchomea udi chini ya kiti, wakamfunua nywele wakazifukiza. Nilipopita na sinia akanishika mkono.

“Bi Rukia, nikuambie ukweli? Kila asubuhi boti ikifika Shela, harufu yako ndiyo inanisalimia kwanza. Mimi nanuka sabuni ya kufulia. Nakuonea wivu mpaka huwa naogopa kukaa karibu na wewe.”

Mtu mwenye mikono ile ananionea wivu mimi. Nilisikia raha, raha ya kweli, sinia ikawa nyepesi. Niliingia ndani nikamfungia udi wangu mzuri, si ule wa wageni, nikampa na chetezo cha zamani cha mama yangu mdogo. Nikamwelekeza: nguo zitandazwe juu ya kikapu kilichofunika chetezo, nywele zifunuliwe zikiwa na unyevu kidogo, na asiharakishe. Kumbe na mimi nilikuwa na cha kumfundisha.

Picha zilizofuata, za Nekesa zilikuwa na madoa.

Asubuhi ile nilinunua mahamri ya watu wote. Bwana Mutiso alikuwa anazigeuza picha dirishani haamini, Nekesa anakaribia kulia, na mimi nakula hamri la pili. Nikainama kwenye meza yake kuchukua kibano, nikavuta pumzi, na kwa ghafla nikajihisi nimesimama chumbani kwangu. Nikaliweka hamri chini. Msemo wa kikulacho ki nguoni mwako nimeusikia tangu utotoni, na sikujua kwamba siku moja utanihusu mimi na kanga zangu.

Nilisema papo hapo, kwa sauti, mbele ya Bwana Mutiso: ni udi. Msinisifu. Nilikuwa nimemwona Nekesa naye ananusa mkono wa gauni lake, na sikutaka aseme yeye kwanza.

Bwana Mutiso hakuwa mtu wa kuamini pua. Alichukua nyavu mbili safi, mmoja akaufungia kwenye kopo pamoja na pindo la kanga yangu, mwingine pamoja na kitambaa kilichochemshwa. Zikapanda ndege. Uliolala na kanga yangu ulirudi na madoa, viduara vile vile, hata bila ya ngozi ya yai. Moshi wa udi una mafuta yake, unakaa kwenye nyuzi na kwenye nywele, ukisogea kwenye joto la taa unatoka polepole na kutua palipo safi zaidi. Hapo ndipo ilipotoka amri mnayoisikia ikisimuliwa: udi, ubani, asumini na mafuta ya nazi, visivuke maji kuja Manda.

Nekesa aliviacha siku ile ile. Alikuwa navyo kwa muda mfupi tu, vilimpendeza, basi. Picha zake zikarudi nyeupe. Amri ilikuwa moja lakini haikutupata sawa, na hilo ndilo nililoshindwa kumweleza Bwana Mutiso, mtu mwema, asiyejua. Kwetu Amu mke mwenye mume hunukia. Anayeweka udi kando ni mjane aliye edani. Ukimwona mwanamke wa makamo anapita hana harufu, unamwombea marehemu wake.

Mume wangu alikuwa na duka la misumari na rangi mtaa wa Langoni, mcheshi dukani, mkimya nyumbani. Siku moja baada ya chakula akaniuliza huku anatazama mikono yake.

“Rukia, siku zote hizi wanuka mai matupu. Kwani mimi nshakufa?”

Nikamwambia nanuka maji kwa ajili ya kazi, utando hautaki moshi.

“Huo utando una mato ya kukutizama? Basi huo ndio mume, mimi mpangaji.”

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa anaona wivu, wanangu, mtu mzima na ndevu zake, wivu wa ngozi ya yai la mnyama wa miiba. Nami sikuweza kumlaumu, nilikuwa na wivu wangu. Tukapatana: Ijumaa jioni nijifukize, Jumapili nioshe. Nikawa Jumapili nasugua kichwa mpaka ngozi inawaka, na kituoni kwenyewe maji ya kuoga hayakuwapo, Manda mnaijua, ya kunywa tu tulikuwa tunayabeba kwa madumu kutoka Shela. Jumatatu nafanya kazi, picha zinarudi na madoa machache, machache sana. Bwana Mutiso ananyanyua dirishani. “Inafaa.”

Kisha zikaja habari za mashine ya kugandisha. Hamna haja ya kuelezwa, lakini kwetu ilikuwa ajabu: utando unatumbukizwa kwenye baridi kali kwa kupepesa jicho, maji yanaganda kama kioo kabla hayajajua kwamba yanaganda, na ngozi inabaki ilivyokuwa hai, haihitaji rangi wala dawa. Nairobi wameipata. Bwana Mutiso alikuwa karibu kustaafu, na mtu mmoja wa meza yetu angepelekwa akajifunze, arudi awe mkuu wa meza. Mmoja. Bwana Mutiso akasema atatupima kwa haki: mimi na Nekesa tutatengeneza siku moja, kwa mayai ya mnyama mmoja, na mwenye utando safi zaidi ndiye atakayekwenda.

Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyowahi kutaka dhahabu. Mimi ndiye niliyetangulia pale. Mimi ndiye niliyeharibu chai zote zile. Nikamwendea Athman nikamwomba ruhusa niache udi kabisa, hata wa Ijumaa, mpaka siku ile ipite. Akafikiri, akasema haya. Ikawa akirudi dukani anakaa mbali kidogo, kama mtu aliyekuja kutoa pole nyumba asiyoijua. Nikajaribu wavu mmoja wa siri, ukaenda, ukarudi. Hauna doa. Nilijua nitashinda.

Siku chache kabla ya mtihani, Athman akaanguka dukani. Moyo. Walimpeleka Mombasa, kaka yake akimsindikiza, na mimi nikabaki kwa sababu nafasi ya msindikizaji kwenye ndege ilikuwa moja tu. Nililia, nikaomba, nikapiga simu. Mungu akajaalia. Akapona, na daktari akamruhusu. Ndege yake ikawa itue Manda Jumatano jioni. Mtihani ulikuwa Alhamisi asubuhi, na mayai hayangojei mtu. Mnyama huyo huiva na mwezi, ukipita umepita.

Jumatano mchana nilikaa chumbani, chetezo mbele yangu, kaa la moto tayari. Nilijua yote. Nilijua ule moshi unakaa wapi, unatoka vipi, unatua wapi, niliujua kuliko mtu yeyote duniani. Nikafikiria mume aliyerudishwa kutoka mlango wa kaburi, anaingia kwake, ananusa maji. Nikatia udi. Nikafukiza mashuka, nikafukiza nguo, nikafunua nywele, na kama nilivyomfundisha Nekesa, sikuharakisha.

Athman aliingia ameshikwa mkono, amekonda. Alisimama kwenye ukumbi akavuta pumzi mpaka kifua kikainuka.

“Sasa ndipo nimefika kwangu,” akasema.

Alfajiri niliosha nywele, nikaosha tena. Boti ilipofika Shela, Nekesa akapanda, akanusa, akanitazama. Alikuja akaketi karibu nami, yeye aliyekuwa akiogopa kuketi karibu. Tulipofika kituoni alimfuata Bwana Mutiso akamwomba mtihani usogezwe mpaka mwezi mwingine, akasema mkono wake unamuuma. Mkono wake haukuwa na kitu. Bwana Mutiso akajibu kwamba tiketi ya kwenda Nairobi haisogezwi. Na mimi, badala ya kumshukuru, nilichemka zaidi. Hata kwa huruma alikuwa amenishinda.

Picha zilirudi. Yake, “Safi.” Yangu, “Inafaa.”

Nekesa akaenda, akarudi, akawa mkuu wangu. Alinifundisha mashine ile kwa subira, na nilijifunza kwa jicho lile lile la zamani. Kama mnataka kujua, ndiyo, niliendelea kuona gere. Nilikuwa naona gere akifungua mlango kwa ufunguo wake. Ila kila Ijumaa jioni nilikuwa nawasha chetezo, na Jumapili nasugua kichwa, na Athman alikuwa anakaa karibu.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, kisha moyo ule ule ukamchukua. Nikakaa eda. Ilipokwisha, watu wakaniambia sasa waweza kunukia. Nilikitazama chetezo, nikakifunika, nikakirudisha kabatini. Nikarudi kazini.

Kundi la kwanza la nyavu nililotengeneza baada ya kurudi lilikwenda na kurudi kama kawaida, siku hizo picha zinakuja kwenye kompyuta, hakuna tena dirisha. Nekesa alikaa mbele ya kioo muda mrefu, kisha akaniita. Ilikuwa pale, ngozi ya yai, imelala chali, vifuko vyote mahali pake, na kila kifuko unaona mahali kiliposhikana na utando, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Hakuna doa hata moja.

“Safi,” akasema Nekesa, kwa sauti ile ile ya Bwana Mutiso.

Kisha akanigeukia, akaelewa kwa nini hakuna doa, akajiziba mdomo kwa mkono. Neno nililolingojea nusu ya umri wangu, nami nilitaka alirudishe kinywani.

Picha hiyo ndiyo iliyo ukutani karibu na mlango wa maabara. Mnaipita kila siku. Wageni wakija mnawaonyesha, na nimesikia mnasema Bi Rukia alikuwa na mkono wa ajabu. Siku ya kuniaga walitaka kunipa nakala yake ndani ya fremu ya mvule. Niliwashukuru, nikasema sitaki hiyo, nataka nyingine. Nekesa, ambaye naye alikuwa karibu kurudi kwao Bungoma kwa mumewe na wajukuu, hakuniuliza ni ipi. Aliitafuta mwenyewe, akaipata, yangu ya Alhamisi ile ya mtihani.

Sasa wewe binti wa botini. Una glavu, una mashine yenye hewa yake, una mtu nyumbani wa kumfukizia, na utando wako unatoka mweupe. Una vyote viwili, na hujui kwamba vilikuwa viwili. Nakuonea wivu, mwanangu, na sikuombei mabaya. Jifukize. Usiharakishe. Na karatasi igusishe ukingoni.

Ile safi nawaachia nyinyi. Yangu iko kwenye ukumbi wangu Mkomani, pale pale aliposimama. Mgeni akiuliza yale madoa meusi ni ugonjwa gani, mimi humwambia si ugonjwa, huyo ni Athman amerudi nyumbani.